Mke wa Mtu Aliye Hai

Bibi yangu Nkasiogi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kifundo kimoja kinene kuliko kingine, asiyependa kubishana. Hivyo ndivyo majirani wa Sekei walivyomsema msibani, nami nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nikang'ata ulimi nisije nikaharibu msiba wa watu. Asiyependa kubishana! Nkasiogi alibishana na mumewe, akabishana na mwalimu wa misheni, na ukiniuliza mimi, alibishana na Mungu mwenyewe, tena kila siku ya Mungu, asubuhi, huku anakamua. Mimi Tabea ni mtoto wa binti yake, Naipanoi. Habari hizi nilizipata kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hazikupishana ila kwenye rangi ya kondoo mmoja.

Alizaliwa upande wa Engutoto, akaolewa Sekei na Lerionka. Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao pale mjini, na Lerionka alikuwa mmoja wa waliobebeshwa mawe ya boma hilo kwa viboko. Siku moja jiwe lilimponyoka mwenzake likamwangukia yeye mguuni, likamwachia vidole vinane kwa miguu yote miwili. Tangu hapo, ukimwambia mzungu fulani ana dawa nzuri, anakuonyesha mguu. Ukimwambia mzungu fulani ana roho nzuri, anakuonyesha mguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wamisheni walipokuja kujenga kule juu mlimani, Nkasiogi alikwenda kwa sababu ya macho ya mama yangu, aliyekuwa mdogo na macho yamemvimba usaha. Alipewa dawa, macho yakapona. Akarudi kushukuru, akakuta watu wamekaa wanafundishwa, akakaa. Kesho yake akaenda tena.

"Macho ya mtoto yamepona?" Lerionka akamwuliza.

"Yamepona."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kusikiliza."

Lerionka akamwonyesha mguu. Nkasiogi akautazama, akasema pole, akashika njia.

Aliyefundisha alikuwa mwalimu Solomoni, Mchaga kutoka Machame, mtu mwembamba, msafi, mwenye koti moja alilolivaa hata jua likiwaka. Mchungaji, yule mzungu, alikuwa akisafiri sana, kwa hiyo kazi za kila siku zilikuwa za Solomoni. Na Solomoni alikuwa na utaratibu. Kila asubuhi alitoa neno moja tu, la kwenda nalo nyumbani. Hukujua kusoma? Unalibeba mdomoni, ukifika kwako unalitafuna. Kesho yake anakuuliza jana ulipewa neno gani, na ole wako uwe umeliacha njiani.

Nkasiogi alilitafuna la kwake wakati wa kukamua, kwa sauti, akimwambia ng'ombe. Lerionka alikuwa akikaa hapo hapo kwenye mlango wa zizi akisugua meno kwa mswaki wake wa mti, na alijifanya hasikii. Mama anasema alisikia kila kitu.

Siku moja neno lilikuwa la yule mzee aliyemwendea Yesu akaambiwa lazima azaliwe mara ya pili, naye akashangaa, mtu mzima ataingiaje tena tumboni mwa mama yake? Nkasiogi akakamua, akawaza. Alikuwa amezaa mara nne. Akamwambia ng'ombe kwamba huyo mzee aliuliza swali la kiume. Mtoto anayezaliwa ana kazi gani? Hana kazi yoyote. Yeye analia tu. Kazi yote ni ya mama. Basi kama mtu anazaliwa mara ya pili, anayeumwa uchungu ni Mungu, na sisi kazi yetu ni kutoka tu na kulia.

Lerionka akatoa mswaki mdomoni. "Na huyo Mungu akishikwa na uchungu, anashika nini?"

Maana kwetu mwanamke akizaa hushika nguzo ya katikati ya nyumba, asipoishika ataumia. Nkasiogi akakamua, akaondoka, akafikiri siku mbili nzima. Siku ya tatu asubuhi akiwa amechuchumaa pale pale, akasema bila kugeuka, "Alishika ule msalaba."

Lerionka akauliza kama loshoro yake, ya mahindi na maziwa ya mgando, iko tayari.

Siku nyingine lilikuja neno la mchungaji wa kondoo aliyewaacha kondoo wote porini akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Hapo Lerionka hakuweza kujizuia. Akasema huyo mtu ni mpumbavu, na kama angekuwa wa rika lake wangemchapa. Kondoo wote hao umwachie nani? Fisi? Nkasiogi akasema labda alikuwa na ndugu wa kuwatazama. Lerionka akasema basi wangesema. Haikupita hata wiki, mtamba wake mwenye baka jeupe akapotelea msituni, na Lerionka akawatelekeza ng'ombe wote kwa mdogo wake Lomayani, asiyeaminika hata kulinda jiwe, akazunguka mlima tangu alfajiri mpaka jua linazama. Alirudi na mtamba, amechanwa na miiba mwili mzima. Nkasiogi akampa maji ya kunawa. Hakusema neno, na Lerionka akamwambia anyamaze.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka miwili ya mafundisho. Mimi nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, mengine ya watu waliosomea ng'ambo, na nasema wazi kwamba sijapata kuyasikia yaliyofika pale zizini.

Sasa, habari ya mapambo. Mwanamke wa Kiarusha wa siku zile alivaa chuma. Alizungushiwa waya mzito miguuni, kuanzia kifundoni mpaka karibu na goti, na mikononi vilevile. Solomoni alisema wanafunzi wake wanawake wauache, na Nkasiogi hakuona ubaya. Mhunzi akaukata. Miguu ikatoka imepauka na myembamba, na wiki nzima akawa anapepesuka njiani kama mlevi, akiinua miguu juu mno kwa kuwa imekuwa myepesi. Lerionka alimtazama akipita uani, hatua juu, hatua juu.

"Miguu ni yako," akamwambia. "Masikio ni yangu."

Alimaanisha surutia. Hizo ni shaba zilizosokotwa mviringo, mfano wa visahani viwili, zinazoning'inia kwenye ndewe za masikio. Mwanamke huzivaa akiolewa, na hazitoki. Halali bila hizo, haogi bila hizo, haendi hata kuchota maji bila hizo. Zinatoka siku moja tu, siku mumewe anapokufa. Ukimwona mwanamke njiani hana surutia, huna haja ya kuuliza kitu, unaanza kulia tu. Kila mtu hapa alilijua hilo. Solomoni hakulijua, kwa kuwa kwao Machame hakuna jambo hilo, wala hakumwuliza mtu. Yeye aliambiwa na Mchungaji ahakikishe hakuna atakayekuja kwenye maji ya ubatizo amevaa hirizi. Akatazama masikio ya wanawake, akaona shaba zilizozungushwa kwa ustadi, akaamua kwamba hirizi ndizo hizo.

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya ubatizo alipotangaza. Nkasiogi akamfuata baada ya mafundisho.

"Mwalimu, hizi si hirizi. Hizi ni za Lerionka. Nikizivua, nimesema Lerionka amekufa."

"Mama, hiyo ni shaba tu. Shaba haimwui mtu."

"Kama ni shaba tu, mbona unaiogopa?"

"Mimi siiogopi," akasema Solomoni. "Nafuata utaratibu. Asiyevua hatabatizwa. Atangoja kundi lingine, mwakani."

Nkasiogi akaomba amwone Mchungaji. Mchungaji alikuwa Moshi, angerudi Jumamosi jioni, na ubatizo ni Jumapili asubuhi. Basi.

Mwakani! Hapa niseme ukweli, msije mkadhani bibi yangu alikuwa na haraka ya bure. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Na katika darasa lile lile alikuwapo Simaloi, shoga yake, aliyekaa naye bega kwa bega tangu siku ya kwanza. Simaloi alikuwa amekufa kwa uzazi miezi mitatu kabla, hajapata maji. Nkasiogi alikwenda kwa Solomoni akamwuliza Simaloi yuko wapi sasa, na Solomoni, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama viatu vyake akasema hilo limo mwishoni mwa mafundisho ya mwaka wa pili, hawajalifikia. Tangu siku hiyo Nkasiogi aliogopa. Mtoto akicheza tumboni, anaogopa. Alikuwa mwanamke aliyezaa mara nne bila kupiga kelele, na sasa akawa anaamka na mikono ya baridi.

Jumamosi wanafunzi wanawake walikwenda mto Themi kuoga na kufua vitambaa vya amerikani walivyoshonewa. Nkasiogi aliingia majini, akakaa kitambo. Alipotoka, alizivua. Alizifunga kwenye jani la mgomba, akazitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaanza kupanda kurudi nyumbani. Mpango wake ulikuwa afike, amweleze Lerionka taratibu, abatizwe kesho, na kesho hiyo hiyo mchana azirudishe. Kuwa mjane kwa siku moja tu, na mtu asijue.

Ala, na njia ya mtoni! Hakufika hata nusu ya kilima. Alikutana na kikongwe wa jirani amebeba kuni. Kikongwe akamtazama uso, akamtazama masikio, akautupa mzigo wa kuni chini, akaachia ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya mto. Nkasiogi akamshika mkono. "Mama, nisikilize, hajafa." Nani anamsikiliza mjane? Wajane wote husema hivyo. Kikongwe akamkumbatia, akalia zaidi, na wanawake wa shambani wakaitikia, na wa shamba la pili wakaitikia, na kilio kikapanda kilima peke yake, kikamwacha nyuma mwanamke mfupi mwenye mimba ya miezi minane akihema.

Lerionka alikuwa ameketi uani anakula loshoro.

Akasikia kilio kinakuja. Akajiuliza amekufa nani, na mama yangu, aliyekuwa karibu naye, anakumbuka kwamba alianza kula haraka haraka ili apate nafasi ya kwenda kuzika. Kisha watu wakaanza kumiminika kwake. Wa kwanza akaingia analia, akamwona, akanyamaza. Wa pili vilevile. Uwanja ukajaa watu walioduwaa. Na kwetu aliyekufa hatajwi jina tena, kwa hiyo hakuna aliyejua amwiteje. Wakawa wanaambizana, "Mbona yule anakula?" "Nani?" "Si yule."

Lomayani, mdogo wake, alifika mbio akilia kuliko wote, macho yakiwa upande wa zizi la ng'ombe. Alikuwa ameshaanza kunyoa nywele za msiba. Nusu ya kichwa ilikuwa upara, nusu bado.

"Wewe," akamwambia kaka yake. "Kumbe upo."

"Nipo," akasema Lerionka. "Pole."

Ndipo Nkasiogi akaingia, masikio matupu. Watu wakampisha kama anayepita na maiti. Lerionka akamtazama. Wazee wa rika lake wakakaa pale pale, wakaamua kwa haraka, maana jambo lilikuwa zito na halijapata kutokea. Mke amemzika mume hai. Achinjwe kondoo dume, bibi alisema mweusi, mama anaapa alikuwa wa rangi ya udongo, na mwanamke avae surutia zake sasa hivi. Akikataa, arudi kwa baba yake Engutoto leo leo, na watoto wabaki.

Lerionka akaweka kibuyu chini, akanyoosha mkono. "Lete."

Nkasiogi akatoa lile jani la mgomba. Lerionka akazichukua, akazirudisha mwenyewe, sikio la kwanza, sikio la pili. Mama yangu alisema baba yake alikosa tundu mara mbili. Kisha akawageukia watu.

"Haya, nimefufuka. Nendeni makwenu."

Wakaenda. Lomayani akaenda na kichwa chake.

Nkasiogi akakaa chini penye ile nguzo ya nyumba, akalia. Hakuficha. Akasema naogopa, Baba Naipanoi. Naogopa kufa kama Simaloi. Nimehesabu siku za miaka miwili, na leo zimeniponyoka, nami sikutaka kukuua, nilitaka tu kuzaliwa kabla sijazaa. Lerionka alisimama mlangoni kampa mgongo. Alikuwa anaogopa pia, tangu Simaloi alipokufa, ila yeye hakuwa na neno la siku la kulisema hilo. Akasema tu kwamba jua linazama na ndama hawajafungwa.

Asubuhi ya Jumapili alivaa ngozi yake nzuri, akajipaka mafuta, akachukua fimbo, akatoka. Nkasiogi akamwuliza anakwenda wapi.

"Kusikiliza," akasema, akatangulia.

Kanisa dogo lilikuwa limejaa. Wa kubatizwa walisimama mbele na amerikani zao nyeupe. Nkasiogi alisimama mlangoni, naye amevaa yake, na shaba masikioni. Solomoni akamjia mbio mbio akamnong'oneza arudi nyumbani, asijitie aibu. Lerionka akampita Solomoni kama anavyopita kichaka, akichechemea, akaenda moja kwa moja mpaka mbele, alipokuwa Mchungaji.

Mchungaji alikijua Kimasai, lugha yetu sisi Waarusha, kwa kukitafutatafuta. Pale alipokwama, Solomoni alitafsiri.

"Mimi ni Lerionka. Jana nimeliliwa msiba nikiwa nakula."

Mchungaji akaomba arudiwe. Akarudiwa.

"Unaniona?" Lerionka akauliza.

"Nakuona."

"Niko hai?"

"Uko hai."

"Masikio ya mke wangu yanasema hivyo hivyo. Mtu wako huyu anataka yaseme nimekufa. Nimekuja kuuliza nimewakosea nini, zaidi ya kuwabebea mawe."

Mchungaji akamtazama Solomoni. Solomoni akaeleza, jasho likimtoka ndani ya koti, kwamba ni hirizi, kwamba aliagizwa, kwamba utaratibu. Mchungaji akafungua mdomo. Lerionka akamwonyesha kwa fimbo kidole cha mkono wa kulia.

"Na hiyo?"

Ilikuwa pete ya dhahabu, nyembamba. "Hii ni ya mke wangu," Mchungaji akasema.

"Yuko wapi?"

Mchungaji akageuza uso upande wa dirisha. Kila mtu alijua. Kulikuwa na kaburi moja nyuma ya kanisa, lenye maua, la mama Mzungu aliyeuawa na homa hata mwaka haujaisha tangu wafike.

"Amekufa, nawe hujavua," Lerionka akasema. Alishangaa kweli, hakuwa anamkejeli. "Kwa nini?"

Mchungaji akasema jambo kwa lugha yake mwenyewe, polepole, maneno machache. Solomoni hakutafsiri, wala hakuna aliyemwomba.

Lerionka akaitikia kwa kichwa. Akamwendea Mchungaji, akatema mate kidogo kwenye kiganja chake, akampaka kifuani kwa baraka, kama anavyofanyiwa mtu aliyefiwa. Solomoni akafumba macho. Kisha Lerionka akatafuta mahali, akaketi benchi la mbele, upande wa wanawake, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

"Mama Nkasiogi," akaita Mchungaji. "Njoo."

Akaja, na shaba zake zikigongana kila hatua. Akaulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Akasema anamkataa. Akaulizwa kama anamwamini Baba, na Mwana, na Roho. Akasema anaamini, kwa sauti iliyofika mpaka nje. Mchungaji akaingiza mkono katika maji.

"Ngoja," akasema Nkasiogi.

Solomoni, maskini, akakaa chini kabisa.

"Bwana, yule pale aliyekaa na wanawake. Hajabatizwa, nami namjua, hatabatizwa. Huko ninakokwenda, nitamkuta?"

Mchungaji akamtazama Lerionka. Akatazama dirisha. Alikuwa na jibu, lilikuwa limo katika mafundisho ya mwaka wa pili, Solomoni alikuwa amewafundisha wote na kila mmoja pale ndani alilijua kwa moyo. Maji yakamtiririka kati ya vidole, yakarudi bakulini.

"Sijui," akasema. Akalisema kwa Kimasai, peke yake, bila kukosea.

Nkasiogi akalitafuna neno hilo kidogo, mkono wake ukiwa tumboni. Kisha akainamisha kichwa.

"Basi mwaga maji," akasema. "Nikifika nitamwuliza Mungu mwenyewe."